Masega ya Wavinya

"Jina ni kitu kidogo, Mama Kyalo. Kazi ni ya maabara yote," Wahome alisema kwa mara ya tatu.

"Kama ni kidogo, ulihangaikia nini kulifuta?" Wavinya aliendelea kukanda unga. Kazini Wahome alimwita "wewe". Jumamosi hii msimamizi wake alikuwa amekuja mwenyewe hadi nyumbani kwake mtaa wa Jericho, na heshima alikuwa ameiokota njiani.

Wavinya ndiye aliyetengeneza vile vitone vya mafuta, vidogo visivyoonekana kwa macho, vya kubeba RNA, ule ujumbe wa kuiambia seli ifanye nini. Miezi minane seli ilivimeza, vikaishia kwenye kifuko chake cha kusagia, ujumbe ukasagwa navyo. Mafuta yalikuwa yamejipanga tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, hayafunguki. Akabadilisha mafuta ya kusaidia, akapunguza, akaongeza, hadi ndani ya kitone kukawa kama masega ya nyuki. Masega yakashikana na ukuta wa kifuko, ukuta ukatoboka, ujumbe ukamwagikia ndani ya seli salama. Ripoti ilipotoka, ilikuwa na jina moja: Wahome.

Sasa Jumatatu alitakiwa kuvitengeneza mbele ya wakaguzi, na kila alipojaribu alipata vitunguu. Alitaka kipimo cha yale mafuta ya kusaidia. Kwanza aliahidi kumtafutia cheo. Alipoona unga unakandwa tu, akamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha Desemba.

Hapo mikono ya Wavinya ikasimama. Alifikiria kumpa kipimo cha uongo. Wahome angeaibika mbele ya wakaguzi, naye angekula chapati zake kwa raha. Lakini alimjua Wahome. Angesema mashine imeharibika, na wangemwamini. Wavinya alitaka aanguke mahali pasipo pa kushika.

"Sawa, nitakusaidia," alisema.

Wahome akatoa kalamu. Wavinya akajifuta unga kwa leso, akachukua simu, akampigia Daktari Ndindi, mkuu wa maabara, akaweka spika.

"Daktari, niko na Wahome hapa nyumbani. Anataka kujua ile kazi yake inafanywaje."

Wavinya akaisukuma simu juu ya meza, katikati ya unga, hadi ikagusa kalamu ya Wahome.

"Rudia lile swali," alimwambia. "Polepole, asikie vizuri."