Safu Zilizonyooka

Kazini walimwita Rula, maana kitu kilichopinda kilimnyima raha. Ndiye aliyeandika programu ya kuchapa orodha za wagonjwa pale hospitalini: jina, kitanda, dawa zinazomdhuru. Mwezi uliopita mkuu wa wauguzi alimjia juu.

"Mwanangu, karatasi zako zimekaa upogo! Maneno yakirefuka tu, safu zote zinahama."

Njia sahihi ilikuwa kuyashusha maneno marefu mstari wa pili, kazi ya siku mbili. Rula alimaliza kwa dakika tano: maandishi mafupi yajaziwe nafasi tupu, marefu yakatwe yakifika herufi kumi na sita. Akajaribu kwa "Hakuna", akajaribu kwa "Aspirini". Safu zikanyooka, akapigiwa makofi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka methali hiyo anaposifiwa?

Jumatatu mama yake akalazwa kwa homa ya mapafu. Jumanne asubuhi alichomwa sindano moja, na kabla ya saa sita alikuwa amefariki.

Sasa walikuwa ofisini kwa mganga mkuu. Kaka yake Rula alimnyooshea kidole muuguzi.

"Umemchoma mama penisilini! Mapokezi niliwaambia mwenyewe kwamba inamdhuru, na nikaona wakiandika!"

"Nilisoma karatasi, kaka yangu," muuguzi akalia. "Nilisoma mara mbili."

"Kuanzia leo hana kazi," akasema mganga mkuu. "Mengine atawaeleza polisi."

Rula aliichukua ile karatasi. Mstari wa mama ulikuwa umenyooka sawasawa: *Dawa zote salama*. Akageukia kompyuta ya mganga, akafungua kumbukumbu yenyewe: *Dawa zote salama isipokuwa penisilini.* Akahesabu herufi na nafasi zake hadi pale palipokatwa. Kumi na sita. Angenyamaza, hakuna mwingine pale ambaye angejua, na uchungu wa kumpoteza mama ulikuwa tayari umemzidi nguvu.

"Kaka, mwache dada wa watu," akasema. "Hakukosea. Maneno yalikatwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Kaka yake akaketi. Muuguzi akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nilimuuliza mama mwenyewe kama kuna dawa inayomdhuru," akasema polepole. "Akacheka. Akaniambia nisome karatasi, imetengenezwa na mwanawe, haikosei."