Pindo Jipya la Samaki wa Dada

Mpaka fundi cherehani alipolipata chujio la chai, samaki wawili walikuwa wameshararuana vya kutosha. Alimvua yule mgeni wa kijani, akamtia kwenye jagi la maji, kisha akainama kumtazama mwenyeji. Samaki mwekundu wa dada yake, wa aina iitwayo beta, alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe. Mapezi yake, yaliyokuwa yakipepea kama kitambaa cha shifoni, sasa yalining'inia vipande vipande.

Nia ilikuwa njema. Dada yake alikuwa amesafiri kwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na angekaa kwa binti yake mpaka apone. Fundi alimwonea huruma samaki kubaki mpweke sebuleni, akamnunulia mwenzake, dume kama yeye, wapige soga.

Muuza samaki alipomwona anarudi na jagi, alielewa bila kuambiwa. Beta dume hataki kumwona dume mwenzake, alieleza. Upweke ule anaousikitikia fundi ndio raha yake. Cha kufanya sasa ni maji safi, ya vuguvugu, yabadilishwe kidogo kidogo, na chakula cha kiasi.

"Mapezi huota," alisema. "Lakini yakianza kuoza, utampoteza."

Fundi alirudi nyumbani moyo umemwelemea. Wazazi wao walipofariki, ni dada yake aliyemlea, na ni yeye aliyemkalisha kwenye cherehani kabla miguu yake haijafika kwenye pedali. Baadaye ukungu ulianza kumtanda dada machoni, akaiweka sindano chini. Ndani ya nyumba nzima, kitu pekee alichoweza kukifuata kwa macho kilikuwa kile chekundu kinachotembea kwenye tangi la kioo. Alikaa nacho kila asubuhi, akikisimulia habari za mtaa.

Jioni dada alipiga simu kuuliza hali ya samaki wake. Fundi alitafuta pa kuanzia, akapakosa, akasema yote kwa mkupuo.

"Wewe ni fundi au si fundi?" dada yake aliuliza.

"Ni fundi, dada."

"Basi."

Ugumu ni kwamba maisha yake yote fundi alikuwa akitibu michaniko kwa vidole, na huu haukushikika. Alizunguka lile tangi akiwaza, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Halafu akachukua kipande cha shifoni, akakipitisha juu ya ua la plastiki lililopandwa ndani ya maji. Kitambaa kilinasa, kikatoka uzi. Aling'oa ua lile, akaenda kutafuta mmea wa kweli wenye majani mapana na laini. Mashine ya kuchuja maji ilikuwa ikimsukuma samaki kama upepo wa feni, akaiziba mdomo kwa kipande cha sponji. Tangi akaliondoa dirishani penye baridi, akaweka kipasha maji kidogo. Maji ya bomba aliyatia matone ya kuondoa klorini, na hakuyamimina mpaka joto lake lilingane na la tangini.

Mteja mmoja, aliyekuja kufuata gauni lake la harusi, alimkuta amepiga magoti akinyonya uchafu wa changarawe kwa mpira mwembamba. Alimtania kwamba sasa fundi ameoa, na mke mwenyewe hata kupika hajui. Fundi alicheka kidogo. Ncha za mapezi zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na samaki alikuwa hali chakula.

Hakuacha. Aliendelea kubadilisha maji, akitoa punje za chakula zilizoachwa kabla hazijaoza. Asubuhi moja, akiwa na pini mdomoni, aliona kivuli chekundu kikipanda. Beta alifika juu, akaitazama punje kama anayekagua bei, akaimeza. Fundi alizitema pini mezani, akamwita mke wa jirani aje naye ashuhudie. Baada ya hapo weusi ulikoma, na kwenye kingo za mapezi ukaota utando mwembamba, kwanza mweupe unaopitisha nuru, kisha wenye rangi.

Dada yake aliporudi hakuketi. Alivua miwani myeusi, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, na fundi akabaki nyuma yake na mizigo mikononi.

"Kumbe ana buluu," alisema. "Hapa shavuni. Miaka yote hii najua ni mwekundu mtupu."

Beta alimgeukia, akatanua mashavu na mapezi yote kwa pamoja, mazima, mapana, kama vazi la bibi harusi. Dada alifuatisha ukingo wake kwa kidole juu ya kioo.

"Hapa ndipo ulipounga. Rangi imepishana kidogo."

"Sikuunga mimi, dada. Kajiunga mwenyewe. Mimi nilimwondolea vya kumchana tu."

Dada alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, vile alivyokuwa akifanya zamani aliposhika kazi iliyokwisha na kukosa cha kufumua. Fundi aliiweka mizigo chini.

"Na hivi vipovu ni vya nini?"

Fundi hakuwa ameviona. Alisogea, akakunja macho. Chini ya jani pana vilikuwa vimejipanga, vingi, vidogo. Muuza samaki aliwahi kumwambia kwamba dume akijisikia vizuri hujenga kiota cha vipovu.

Wakainama wote wawili, bega kwa bega. Beta akapanda, akavuta hewa, akaacha kipovu kingine pembeni ya vile, kidogo kuliko kichwa cha pini.