Mdhamini wa Mwanafunzi wa Saba

Kifuniko cha sufuria kilianguka gizani, kikazunguka sakafuni, kikatulia. Mama mkwe alikuwa ameamka kabla yangu. Nilipoingia jikoni nilikuta gauni langu limeshapigwa pasi na chai iko mezani.

"Leo ndiyo leo, mkwe wangu," alisema. "Kunywa. Na ukifika kaburini kwa Bwana, umwombee mume wako apate mke anayejua kupika."

Tulicheka wote. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Kwa miaka miwili nilikuwa nakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mchana, na jioni nasoma katika chuo kidogo cha Biblia nyuma ya kanisa letu. Sasa chuo kilikuwa kinapeleka wanafunzi saba kwenye safari ya mafunzo: alipozaliwa Bwana, alipobatizwa, alipozikwa. Kila mwanafunzi alipewa mahali pamoja apasome mpaka apajue, ili tukifika asimame awafundishe wenzake papo hapo. Mimi nilipewa kisima ambapo Bwana, amechoka na jua la mchana, alimwomba mwanamke maji ya kunywa. Nilikijua kisima kile kuliko jikoni kwangu. Kwa alama nilikuwa wa saba. Wa nane alikuwa wifi yangu. Tulikaa dawati moja, mimi nikiandika, yeye akisinzia.

Kulikuwa na sharti. Mwaka uliopita wanafunzi wawili walikwenda kuhiji wakapotelea hukohuko, na hadi leo hawajulikani waliko. Basi halmashauri ya kanisa ikaamua kwamba kila mwenye mtoto aje na mdhamini, yule atakayebaki na mtoto, asimame mbele ya watu aseme, "Huyu atarudi." Asipodhaminiwa, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Mama mkwe alikubali siku ileile nilipomwomba. Alinikumbatia, hata akatokwa na machozi kidogo.

Njiani kwenda ukumbi wa kanisa kudhaminiwa, wifi alinitania: "Wifi, ukiona ngazi za umeme kwenye uwanja wa ndege usipige magoti. Siyo Kupaa kwa Bwana."

Ukumbini viti vya plastiki vilikuwa vimejaa. Mwenyekiti, mchungaji mstaafu, alikuwa na orodha mbele yake na kalamu ya wino mwekundu. Wale sita, wote wazazi kama mimi, walidhaminiwa haraka haraka, kila mmoja akipigiwa makofi. Nikaitwa mimi. Mama mkwe akasimama, amemshika mkono mwanangu wa miaka minne.

"Mama, unamdhamini mkweo?"

"Baba mchungaji, mimi mkwe wangu nampenda," alianza, nami nikatabasamu. "Nampenda kama niliyemzaa. Ndiyo maana inaniuma. Lakini mmeniita niseme kweli ndani ya nyumba ya Mungu, na umri wangu huu sitaki kwenda kuulizwa huko juu."

"Sema, mama."

"Tangu aanze hayo masomo ya jioni, mtoto huyu ni wangu. Nalala naye mimi. Akikohoa usiku, naamka mimi. Mama yake akirudi, hata shuka hamfunui akamtazama. Sasa nawauliza ninyi mliosoma: mtu anayeshindwa kurudi kwa mwanawe kutoka hapo nyuma ya kanisa, atarudi kutoka ng'ambo?"

"Hilo nalo neno!" mtu alisema nyuma. Wengine wakacheka.

Hakuna hata usiku mmoja aliolala na mwanangu. Na ningemwita vipi mama mkwe mwongo mbele ya kanisa zima? Nikinyamaza, nimekubali. Nikijibu, basi ni yuleyule mkwe mwenye dharau, na mwenye dharau ndiye mtorokaji. Nilimgeukia mume wangu. Yeye ni fundi wa majokofu, na siku zote mikono yake ina grisi. Alikuwa mstari wa pili, anakwangua ukucha wa kidole gumba kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

"Mume wake yupo?" mwenyekiti aliuliza. "Una la kuongeza, kijana?"

"Mama ameshasema," alijibu, bila kuinua macho.

Nikasimama. "Baba, naomba..."

"Anayedhaminiwa hasemi, binti. Utaratibu ni utaratibu." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, kama ya daktari anayekwambia sindano haiumi. "Usione ni chuki. Tunakulindia nyumba yako. Utakwenda mwaka mwingine, mtoto akishakua."

Nilijua hakuna mwaka mwingine. Hospitalini likizo ile niliipata kwa kumwangukia msimamizi.

Mama mkwe alikaa, akampiga wifi yangu kofi dogo la furaha gotini, akamwachia mkono mwanangu ili arekebishe kilemba. Wifi akaniinamia sikioni.

"Pole, wifi yangu. Daftari lako la kisima utaniazima, eti? Mimi hata sijui kama kina ndoo au kina bomba."

Mwenyekiti alivaa miwani, akatafuta jina langu kwenye orodha, akaanza kulikata taratibu, kwa mstari ulionyooka, kama mtu anayeheshimu karatasi. Nilimwona mwanangu akitembea peke yake kati ya viti, akapita mbele ya baba yake bila kusimama, akafika mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kidevu chake kilifika pale kalamu ilipokuwa. Kalamu ilikuwa imeshapita herufi tatu.

"Mimi nalala na mama," alisema.