Mazishi ya Migomba

Kabla hajaanza kutengeneza picha zake mwenyewe, Leodegar alikuwa sauti tu. Alipanda gari la sinema la serikali ya Waingereza akazunguka nalo kutoka Kisarawe hadi Mahenge, na palipokuwa na uwanja walitundika shuka jeupe, wakawasha mtambo, naye akashika kipaza sauti na kueleza kwa Kiswahili yale yaliyoonekana. Na yaliyoonekana yalikuwa yale yale miaka yote. Jirani mjinga anaumwa, jirani mwerevu ananawa mikono. Mjinga daima alikuwa mtu mweusi mwenye kaptura iliyochanika, na mwishoni daima alitokea bwana mwenye kofia kuja kumwonea huruma. Leodegar alikuwa na sauti nene, ya kusomea misa, aliyoibeba kutoka seminari ya Bukoba alikofukuzwa kwa kuiga sauti ya gombera, mkuu wa seminari, na aliweza kuwachekesha watu hata kwenye habari za panya. Lakini moyoni alikereka. Alitamani kuwaona kwenye shuka lile watu wa Temeke alikoishi, wanaoazimana chumvi, wanaogombana na kupatana, bila bwana yeyote mwenye kofia.

Basi akaacha kazi ya serikali. Enzi hizo, mtu mweusi kuacha kazi ya serikali kwa hiari yake ilikuwa sawa na kuvua viatu barabarani na kuviacha hapo. Ndugu zake wa Bukoba walimwandikia kumuuliza kama ni mzima. Mkewe, Demetria, hakumuuliza. Yeye alifundisha watoto kusoma katika shule ya misheni, na alisema chakula kitapatikana, mradi mume wake asirudi tena nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kusema uongo.

Kamera aliipata kwa Taiyeb, mpiga picha wa Kibohora mwenye duka mjini, ambaye alipenda sinema kupita biashara, ndiyo maana biashara yake haikukua. Ilikuwa kamera ya kukaza kwa ufunguo, kama saa ya mezani. Unaikaza mpaka mwisho, inakwenda muda mfupi, inalegea, inazima. Ukitaka iendelee unaikaza tena. Kwa kamera hiyo Leodegar alipiga picha za mpira, za harusi za Wahindi, na moja fupi ya wauza samaki wa Kunduchi, ambayo hata watoto wa Kunduchi waliikariri. Akaanza kujulikana. Wakamwita Bwana Sinema.

Ndipo ikamjia picha yake kubwa, *Mpangaji*. Mtu anakuja kutoka mbali, anapanga chumba, haongei na mtu, kisha anakufa, na majirani wasiojua hata kwao wanamzika kama ndugu yao. Hiyo tu. Mpangaji aliigizwa na Tabu, dobi wa mtaa wa pili, kijana mwenye uso wa huzuni ambaye kwa kweli alikuwa mcheshi kupindukia. Sehemu zote zilipigwa vizuri, ikabaki ya mwisho, ya mazishi.

"Nenda kwa Mzee Kondo, umweleze," Demetria alimwambia. "Atakukusanyia wanaume wote wa mtaa. Watakusaidia kwa furaha."

Mzee Kondo alikuwa fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na hapakuwa na msiba Temeke aliokosa. Demetria naye alikuwa vivyo hivyo. Alikuwa Mhaya na Mkatoliki, mgeni kabisa wa pwani, lakini palipolia mtu, yeye ndiye aliyetangulia kufika, kanga kiunoni na ndoo ya maji kichwani. Wanawake walimpenda kwa hilo.

"Nikiwaeleza wataharibu," alisema Leodegar. "Mtu akijua anapigwa picha anakuwa kinyago. Nusu watacheka, nusu watanipungia mkono."

"Bora wakupungie. Hao watu hawachukuliwi hivi hivi, Baba Revelian." Alimwita kwa jina la mtoto wao aliyelelewa na bibi yake huko Bukoba, na alilitumia hivyo alipotaka asikilizwe.

"Nitawaeleza wakifika kwenye bomba. Pale kona. Nikishapata kidogo tu, nitasimamisha, nitawaeleza."

Huenda siku hiyo alikusudia kweli. Wanaomtetea husema hivyo, na mimi siwapingi.

Alimpa seremala kazi ya kuchonga jeneza mfano wa lile la msikitini, akalifunika kwa shuka la kijani. Ndani alilaza vigogo viwili vya mgomba. Alikulia kwenye migomba, alijua uzito wake, na alijua kwamba viwili vinene vinalingana na mtu mzima. Wachukuzi walikuwa rafiki zake wanne wa bara. Yeye mwenyewe alijificha katika gari la Taiyeb, kamera dirishani, Taiyeb akiendesha polepole, na Tabu amelala kiti cha nyuma akicheka mazishi yake.

Jeneza liliingia mtaani baada ya adhuhuri. Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee Kondo. Alisimamisha cherehani, gauni la mtu likabaki chini ya sindano, akavaa kofia yake na kushuka barazani akichechemea. Hakuuliza ni nani. Hilo haliulizwi. Jeneza likipita unainuka, unatia bega, unakwenda hatua chache, mwenzio anakupokea, nawe unarudi nyuma huku ukiomba dua. Wakainuka wanywa kahawa. Wakaja mafundi baiskeli na mikono yao ya grisi. Mwuza machungwa aliliacha tenga lake wazi njiani. Kufumba na kufumbua jeneza lilikuwa linaelea juu ya mabega, linapokelewa na kupokelewa, na sauti za tahalili zikajaa mtaa mzima.

Leodegar hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile kupitia tundu la kamera. Hapakuwa na kinyago hata kimoja. Nyuso zote zilikuwa nyuso.

Wakafika kwenye bomba. Kamera ikazima yenyewe. Akaikaza.

"Leodegar," alisema Taiyeb bila kugeuka. "Hapa si ndipo uliposema?"

"Mbele kidogo."

Wakapita sokoni. Kamera ikazima. Akaikaza. Nyuma, Tabu alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameinuka na kushika kichwa.

"Wanaomba dua, Leodegar," alisema Taiyeb. "Dua ya kweli. Zima."

Kamera ikazima. Jambo hili ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote, maana mashine yenyewe ilimpa nafasi, tena na tena, na kila mara ilikuwa lazima mkono wake mwenyewe ushike ufunguo na kuuzungusha. Akaikaza.

Makaburini, kwenye mikorosho, msafara ulisimama. Mzee Kondo alitazama huku na huku, jasho likimtiririka.

"Kaburi liko wapi?" aliuliza. "Nani amechimba?"

Wale wanne wakatazamana. Ndipo Leodegar akashuka garini, kamera mkononi, akitabasamu tabasamu ambalo alitamani kulimeza lakini likakataa kuondoka. Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ile ile nene, kwamba ni picha ya kuwasifu wao, watu wa Temeke, ili dunia iwaone walivyo wema. Vijana wawili watatu wakacheka. Wengine walimtazama Tabu, aliyekuwa ametoka garini kichwa chini.

Mzee Kondo alifunua shuka. Akavitazama vile vigogo muda mrefu. Vilikuwa vimevuja njia nzima, na utomvu ulipenya kwenye nyufa za mbao ukadondokea mabega ya kila aliyebeba. Mwana wa Bukoba alijua, tangu utotoni mama yake alimchapa kwa hilo, kwamba utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo haung'oki.

"Tumeiombea migomba," alisema Mzee Kondo. Hakupaza sauti. "Bwana Leodegar, nakuomba. Hiyo sehemu ya dua usiwaonyeshe watu."

"Nitaitoa, Mzee," alisema Leodegar.

Hakuitoa. Picha iliporudi kutoka Nairobi ilikosafishwa, aliitazama peke yake ukutani, akaitazama tena, akalia kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Sehemu nyingine zote za *Mpangaji* zilikuwa kazi ya mtu anayejitahidi. Ile ya mazishi ilikuwa kweli tupu. Alijiambia kwamba Mzee Kondo akiiona atafahamu.

Alitundika shuka uwanjani Temeke jua lilipozama, watu wakajaa na mikeka yao. Walicheka Tabu alipogombana na mwenye nyumba, wakanyamaza alipougua. Kisha mazishi yakaanza, na Leodegar, aliyeeleza picha nzima kwa kipaza sauti, hapo akanyamaza, kwa kuwa aliona kimya ndicho kitakachopendeza. Mzee Kondo alijiona. Aliona midomo yake ikitaja jina la Mungu mbele ya vigogo vya mgomba. Akasimama, akakunja mkeka wake taratibu, akaondoka. Wa pili akafuata. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Picha ilipokwisha walibaki watoto, na Demetria, aliyekaa peke yake katikati ya uwanja.

Kwingine picha ilipendwa mno. Tanga walimbeba mabegani. Morogoro walitaka irudiwe. Ofisa mmoja Mwingereza alimpa mkono akamuuliza ni kwa njia gani aliweza kuwafundisha waigizaji wengi vile, tena wote hodari. "Mazoezi, bwana," alijibu Leodegar. Ofisa akasifu subira yake. Jina lake likatoka gazetini, na akakata kile kipande akakitia kwenye pochi.

Temeke maisha yaliendelea, kwa nje. Salamu hazikukatika, maana watu wale si wa kukatiana salamu. Tabu aliitwa Marehemu kila alikopita na furushi lake la nguo, mpaka akachoka akahamia Kawe kwenye kiwanda cha nyama. Taiyeb aliendelea kumuuzia Leodegar kanda, ila gari lake kila mara lilikuwa na hitilafu. Aliyelipa hasa alikuwa Demetria. Alianza kusikia habari za msiba mazishi yakishapita. Kama alifika kwa kubahatisha, alipokelewa ndoo kwa adabu na kuonyeshwa pa kukaa, kama mgeni. Na wanawake waliokuwa wakibisha mlangoni mwake alfajiri kumwambia "Shoga, jifunge kanga twende," hawakubisha tena.

"Kamwombe radhi yule mzee," alimwambia mume wake. Si mara moja.

"Nitakwenda nikirudi safari." Safari zilikuwa nyingi, Dodoma, Arusha, Mombasa. Na mtu aliyebebwa mabegani Tanga anaona uzito kuinama kwenye baraza la fundi cherehani.

Mwisho Demetria akawa anashinda Kinondoni kwa dada yake, Kokuberwa, kisha akawa analala huko. Hawakugombana. Alisema tu kwamba Kinondoni kuna watu wa kuzungumza nao. Huko huko homa ikamshika, wakamkimbiza hospitali. Leodegar alikuwa Arusha akionyesha *Mpangaji* kwenye ukumbi uliofurika. Simu ya maandishi ilimkuta huko, na alipofika, wakubwa wa hospitali walikuwa wameshalipigilia sanduku misumari. Ugonjwa ni wa kuambukiza, walisema, lisifunguliwe. Hakumwona mkewe uso.

Akamleta Temeke, kwa sababu ndiko kwake. Aliliweka sanduku sebuleni akakaa kando yake na Kokuberwa, na padri akisubiri nje. Hakutuma mtu kubisha mlango wa mtu. Angebisha kwa uso gani? Alihesabu wachukuzi kichwani, akaona watakuwa yeye, mume wa Kokuberwa na labda dereva.

Kisha akasikia cherehani ya jirani ikisimama.

Walikuja. Walikuja wanywa kahawa, wakaja mafundi baiskeli, akaja Taiyeb na gari lake zima kabisa, akiwa na Tabu aliyemfuata Kawe. Wanawake waliingia na ndoo zao uani bila kuelekezwa, na mmoja alipoona kanga ya Demetria kwenye kamba alishindwa kujizuia, akaangua kilio. Leodegar aliwatazama akawaza kwamba Demetria angefurahi mno, na kwamba angeweza kuyaona haya angali hai kama mume wake angetembea hatua kumi tu mpaka baraza la jirani.

Wanaume walibaki nje, akaingia Mzee Kondo peke yake. Alikuwa amevaa kanzu ile ile aliyoivaa siku ya migomba. Begani lilikuwapo doa, rangi ya kahawia, limefuliwa na kufuliwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Leodegar.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Mzee alilitazama sanduku, na misumari yake. Aliinama karibu na sikio la Leodegar ili wengine wasisikie, na hapakuwa na kejeli wala hasira katika sauti yake, ila haya tupu, haya ya mtu aliyelazimika kuuliza kisichoulizwa.

"Nisamehe," alisema. "Wenzangu nje wamenituma. Humu mna mtu?"

Leodegar alifungua mdomo. Sauti iliyojaza viwanja kutoka Kisarawe hadi Mahenge haikutoka. Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimdondoka, lakini mzee hakuondoka. Alisubiri, mkono wake begani kwa Leodegar.

"Sema, mwanangu, nisikie. Nikawaambie."

"Yumo," alisema Leodegar. "Ni Demetria, Mzee. Yumo."

"Basi," alisema Mzee Kondo. Akageukia mlangoni akawaita wenzake waingie, akapiga goti, akatia chini ya sanduku bega lile lile lenye doa.