Gurudumu la Kushoto

Trela lilikuwa juu ya jeki tangu saa mbili asubuhi, na kufika saa nne gurudumu la kushoto lilikuwa limekwisha kufunguliwa mara mbili. Kwa hesabu yangu, mara moja ingetosha.

Kaka yangu ndiye aliyeliunda trela hilo miaka minane iliyopita, uani kwa Mama, kwa ekseli ya gari dogo lililokufa na mabati aliyoyakunja kwa mikono yake. Trela huenda porini mara moja kwa mwaka, msimu wa kuwinda unapofunguliwa. Hubeba hema na mapipa mawili ya maji, na kurudi na swala kama bahati ipo. Misimu miwili ya kwanza Kaka alikwenda nalo yeye na mume wangu. Kisha akapata kazi mgodini, nchi nyingine, zamu ya usiku, na tangu hapo mume wangu anakwenda peke yake.

Mwaka huu likizo ya Kaka iliangukia kwenye msimu. Kibali cha kuwinda kiliandikwa majina mawili. Jumanne mgodi ukaahirisha likizo zote za zamu yake. Ijumaa, siku ya safari, Kaka alikuwa kwenye simu yangu, sauti tu bila picha, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hatua moja kutoka kwenye gurudumu.

“Haya, eleza unachoona,” alisema.

“Beringi,” mume wangu akajibu.

“Shemeji, nakuuliza kama mtu mzima.”

“Inang'aa kuliko meno yako. Haina doa la bluu, haina mkwaruzo, haina kutu. Nimeiosha kwa mafuta ya taa maji mawili. Watoto wangu hawajawahi kuoga hivi.”

“Ikaushe kwa kitambaa. Na usiizungushe ikiwa kavu.”

“Nani athubutu?”

Mume wangu alichota grisi akaiweka katikati ya kiganja cha kushoto, akaikandamiza beringi juu yake kwa ule upande mpana, tena na tena, mpaka grisi ikachomoza upande wa pili kati ya rola zake, vile vyuma vidogo vinavyozunguka. Kazi hii haina njia ya mkato. Ukipaka juu juu, ndani panabaki pakavu, na beringi kavu huungua kabla hujafika nusu ya safari. Nati nayo ina kanuni yake: unaikaza huku gurudumu likizunguka mpaka gurudumu lianze kugoma, unailegeza, kisha unairudisha kwa vidole tu na kupitisha pini. Hapa wenye nguvu ndio huharibu.

Kanuni ya mwisho ilikuwa ya Kaka mwenyewe. Trela haliondoki mpaka alisikilize. Alipokuwa nyumbani aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye ekseli, akaweka mpini sikioni, akamwambia mtu azungushe gurudumu. Sasa bisibisi niliishika mimi, na kwenye mpini nikaweka simu.

“Zungusha.”

Mume wangu akazungusha.

“Mchanga,” Kaka akasema. “La kushoto lina mchanga. Fungueni.”

Hivyo ndivyo tulivyofungua mara ya pili. Hatukukuta mchanga. Tulibadilisha sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke, ingawa ile tuliyoitoa ilikuwa mpya, tukafunga, tukazungusha.

“Bado upo.”

“Mchanga uko kwenye simu yako, Shemeji,” mume wangu akasema. “Nimeosha mpaka vidole vimepauka.”

“Mzee, nakwambia kitu ninachokisikia.”

Mimi ni mpimaji. Kazi yangu ofisini ni kuhakiki mizani za wauzaji, ndiyo maana Kaka ananiita Mizani, hata mbele ya wageni. Nilikuwa nimepima kulegea kwa gurudumu kwa kipimo changu chenye mshale kama wa saa na kupata sehemu tano katika mia za milimita. Hicho ni kiasi kizuri. Zaidi ya hayo, simu imetengenezwa ipitishe maneno na kuchuja makelele, na sauti ya chuma kwake ni kelele. Kulikuwa na mambo mawili tu yanayowezekana: ama Kaka alisikia kitu ambacho kipimo hakikuonyesha, ama hakusikia kitu.

Jambo la namna hiyo hupimwa. Nilimwonyesha mume wangu kwa kidole asiseme neno, nikahamia upande wa kulia, gurudumu ambalo Kaka alilisifu saa nzima iliyopita.

“La kushoto tena hili,” nikasema. “Sikiliza.”

Lilizunguka. Akasikiliza.

“Ndio huo huo. Mnausikia?”

Nikarudi kushoto. Safari hii nilimwashiria mume wangu alikamate tairi kwa mikono yote miwili. Halikusogea. Niliweka bisibisi, nikaweka simu, nikauliza, “Na sasa?”

Alichukua muda mrefu kuliko mara zote. Pale uani Mama alikuwa anavuta kamba ya nguo, anapachika shuka, anavuta tena. Jirani alikuwa anapigapiga mkeka ukutani. Mlango wa jikoni ulijifunga kwa upepo.

“Umepungua,” Kaka akasema taratibu. “Umepungua, lakini upo. Mngefungua tena mara moja.”

“Kaka,” nikasema, “gurudumu limesimama.”

“Limesimama vipi?”

“Limesimama tangu nilipokuuliza. Na lile la kabla yake lilikuwa la kulia.”

“Umenipima?”

“Nimekupima.”

“Aisee.” Akacheka kidogo, kicheko kikafia njiani. “Mizani, wewe ni mtu mbaya.”

“Tangu lini ulijua kwamba ni zima?”

“Tangu mara ya kwanza.”

“Mume wangu anatakiwa kufika geti la pori kabla ya saa kumi na mbili, Kaka. Ni mwendo wa saa sita. Sasa ni saa tano kasoro. Kwa nini hukusema?”

“Mkimaliza kazi mnakata simu.”

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa. Na taarifa yake ilikuwa sahihi. Kila mara tulimpigia tukiwa na shida ya kitu: pampu, mlango, jeki. Kitu kikitengemaa, tunaagana.

Mama akapaza sauti kutoka nyuma ya shuka. “Huyo amekula? Muulizeni amekula!”

“Nimekula, Mama! Mizani, anaanika nini?”

“Anaanika shuka,” nikasema.

“Nilidhani hivyo. Kamba ilivyolia, nikajua ni vitu vizito.”

Mume wangu alikuwa ameliachia tairi. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akiangalia lile trela, kisha akainama kwenye simu.

“Shemeji. Chaji yako ikoje?”

“Themanini na kitu. Kwa nini?”

“Una zamu saa ngapi?”

“Jioni.”

“Basi panda, twende. Umenichelewesha vya kutosha.”

“Unasema nini wewe?”

“Nasema panda! Kibali kina jina lako. Unataka nikamwambie yule askari wa getini kwamba mwenzangu nimemwacha uani na bibi yake?”

“Mama si bibi yangu.”

“Unaona?” mume wangu akaniambia. “Ameshapona.”

Aliichukua simu mkononi mwangu.

“Hiyo simu ni yangu,” nikasema.

“Yangu kioo kimekufa, haionyeshi kitu. Jumatatu nakurudishia.”

Aliishusha jeki, akafunga mnyororo wa trela nyuma ya gari, akawasha kamera ya simu, akaibana mbele ya usukani ikiangalia barabara. Nilisikia Kaka akiuliza kama mapipa yamefungwa kwa kamba au kwa mpira, na mume wangu akimwambia, kwa maneno ambayo sitayaandika, afunge mdomo aangalie njia. Walitoka saa tano na dakika kumi. Trela lilipita kwenye kizingiti cha geti bila kugonga. Nilibaki siku tatu bila simu, na nilifanya kazi zangu.

Mume wangu alirudi Jumatatu na swala mmoja. Alikuwa amesimama kilomita ya thelathini, kama inavyotakiwa, akagusa habu zote mbili, vitovu vya magurudumu, kwa nyuma ya mkono, zikawa vuguvugu sawasawa. Mtandao ulikatika kilomita ya sabini na moja, mlima unapoanza. Aliandika namba hizo nyuma ya kibali kwa kuwa alijua nitauliza.

“Alisema nini mlipofika hapo?” nikauliza.

“Hakusema kitu. Alilala tangu kilomita ya hamsini. Nilimsikia anakoroma.”

“Na hukukata?”

“Sikukata.” Alikuwa anashusha mapipa, hakuniangalia. “Nikawa namwambia tu. Hapa daraja. Hapa ile kona yako. Hapa wameng'oa bango. Mpaka ikakatika yenyewe.”