Mvua Isiyoacha Vumbi

Kilichosikika kwanza ni mkanda wa mashine ya kusaga. Tap, tap, tap, ulipiga kwa mpigo mmoja kutoka ndani ya kibanda cha mabati, na watu wa Haneti waliokuwa bado njiani na ndoo zao za mtama wakaongeza hatua. Kisha ukapungua, ukanyamaza. Kutoka kwenye wingu jeupe akatokea mwanamke, nyusi nyeupe, kope nyeupe, kitenge kimefungwa puani. Huyo ndiye Naima.

"Injini inapumzika," alisema. "Kaeni niwamalizie."

Hakuna aliyeuliza kumalizia nini. Kwa miaka mitatu, kila injini ilipopoa, Naima aliwasomea wateja wake riwaya aliyoiandika kwa mkono, madaftari manne sasa, habari za Mwajabu, mwanamke aliyeita mvua kwa maneno. Naima mwenyewe aliishia darasa la saba. Hakuna aliyemfundisha kutunga. Alijifunza kwa kufuta. Leo madaftari hayo yalikuwa yaende mjini na basi la saa sita, kwenye shindano la riwaya la kampuni moja ya uchapishaji. Kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kupokea. Bahasha kubwa ya kaki ilikuwa tayari juu ya mzani, na jina lake limekolezwa kwa wino wa bluu.

Akachukua daftari la nne, akasoma sura ya mwisho. Visima vimekauka, ng'ombe wanalala hawaamki. Mwajabu anapanda kilimani, anatamka neno moja, na mvua inashuka siku saba. Kijiji kinacheza kwenye matope.

Watu wakapiga makofi huku Naima akilitia daftari kwenye bahasha na kuifunga. Angelina tu ndiye hakupiga, rafiki wa Naima wa utotoni na mteja mgomvi kuliko wote. Alikuwa amechuchumaa, kiganja ndani ya unga wake.

"Naima, unga wangu umekonda."

"Haya, tumeanza."

"Nimeleta ndoo imejaa mpaka mdomoni. Ona ulipoishia."

Naima alicheka. Jibu la lalamiko hilo alikuwa nalo mwaka wa kumi sasa. Akapitisha kidole ukutani, kikawa cheupe. Akaonyesha pumba pembeni. Halafu akajipangusa nyusi na kumpulizia Angelina usoni.

"Mtama wako huo. Na mwingine nimeumeza. Hakuna kinachopita kwenye mashine hii kikatoka kama kilivyoingia, shoga yangu. Ukimwona mtu anasaga bila vumbi, huyo anakudanganya."

"Sawa," Angelina alisema, akijifuta macho. "Basi huyo Mwajabu wako anatudanganya."

"Kivipi?"

"Neno moja, mvua siku saba, na yeye hajapungua hata unywele. Vumbi lake liko wapi? Na kama kazi yenyewe ni rahisi hivyo, mbona sura ya kwanza alimzika mama yake kwa njaa? Alikuwa amelala?"

Foleni nzima ikacheka. Naima hakucheka. Aliufahamu mlio aliousikia kifuani: ule wa kokoto likiingia na nafaka, likagonga chuma ndani ya mashine. Ukiusikia, unazima. Huendelei kusaga.

Nje, honi ikalia. Halfani, konda wa basi, akachungulia. "Mwandishi, lete mzigo wako, dereva ana haraka."

Naima aliishika bahasha kwa mikono miwili.

"Sura imeharibika," alisema.

"Sura moja tu? Watu wa mjini watajuaje?"

"Huyu amejua." Akamwelekeza Angelina kwa kidevu. "Nenda, Halfani. Safari njema."

Walisikiliza basi likibadilisha gia, likapanda, likapotea. Angelina alikuwa amesimama, unga bado mashavuni, ubishi wote umemtoka.

"Naima, mimi nilikuwa nabishana tu. Miaka mitatu hiyo. Mpigie simu arudi."

"Kaa chini."

Naima aliichana bahasha, akatoa daftari la kwanza na la nne, akayafungua yote mawili juu ya mzani. Akachora mstari mmoja mrefu juu ya siku saba za mvua.

"Hakuwa amelala," alisema, kana kwamba anamjibu mtu aliyeko mbali. "Kila neno analoitia mvua halirudi tena kinywani mwake. Manyunyu, anapoteza neno dogo, labda la kijiko. Mvua kubwa inataka neno kubwa, na yeye alikuwa nalo moja tu. Mama yake alikufa yeye amelibana."

"Neno gani?"

Naima alifunga kitenge puani, akakishusha tena.

"Jumamosi uje na mtama wako, Angelina, nitakusomea upya. Mvua itanyesha siku zote saba, nakuahidi. Ila atakaposhuka kilimani, mwanawe atamkimbilia akiita mama, mama, na yeye atasimama pale kwenye matope, mikono wazi, mdomo wazi, akilitafuta jina la mtoto."