Viatu kwenye Mstari Mwekundu

"Mama Wendy, tangu jana usiku mtoto amekula kitu?"

"Hapana," Murugi akajibu, na jibu likatoka haraka mno.

"Ni lazima niulize tena," alisema Gatobu, mtaalamu wa kulaza wagonjwa usingizi. "Tumbo ikiwa na kitu, anaweza kutapika akilala. Ikiingia kwa mapafu, tunampoteza. Uko sure?"

"Niko sure, daktari."

Viatu walikuwa wameviacha nje ya chumba cha upasuaji, kwenye mstari mwekundu ambao viatu vya nje havivuki: vya Murugi vyenye udongo wa kwao Endarasha, na kando yake vyeusi vya daktari wa upasuaji aliyetoka Nairobi. Asipompasua Wendy leo, angerudi lini? Kifafa nacho hakingoji mtu. Juzijuzi kilimwangusha mtoto jikoni, kwenye moto, na mkono wake ulikuwa ungali na bandeji.

Alfajiri hiyo manesi walikuwa wamemwambia Murugi ampe dawa yake ya asubuhi kwa maji kidogo, basi. Lakini dawa ile ni chungu ajabu, na Wendy haimezi ila kwa maziwa. Akammiminia kutoka kwenye thamosi. Mtoto akaomba amalizie kikombe. Mama gani angemnyima, siku kama hiyo?

Gatobu akainama juu ya kitanda na barakoa ya dawa ya usingizi mkononi. "Wendy, vuta hewa kwa hii pole pole. Mimi siendi mahali. Nitakuwa hapa tu, nikiangalia vile unapumua."

Murugi alijikaza kisabuni. Barakoa ikashuka, ikagusa pua ya mtoto.

"Ngoja!" Sauti ilimtoka kabla hajajijua. "Alikunywa maziwa. Ni mimi nilimpa. Kikombe kizima."

Daktari wa upasuaji akavua glavu, akatazama saa ya ukutani, akatoka kwa mlango wa ndani. Murugi alitamani ardhi immeze.

"Saa ngapi?" Gatobu akauliza.

"Alfajiri, na dawa."

"Basi ni mpaka jioni. Kama daktari atakubali kungoja." Aliirudisha barakoa mahali pake.

Wendy akajipapasa kichwa, upande ulionyolewa. "Mami, nimepona?"

Murugi akambeba mgongoni, wakaenda kuketi kwenye benchi la nje. Pale mstarini, viatu vyeusi vya daktari wa upasuaji vilikuwa bado vipo; hajaondoka. Akakaa akivitazama, miguu mitupu kwenye sakafu baridi, asithubutu hata kuvaa vyake.